Anzia Pale Wanapokwama: Zana Ambazo Mwanafunzi Anazifanyia Kazi

Habari za asubuhi waalimu wenzangu, poleni na safari, najua kuna watu humu wamepanda basi la saa kumi na moja alfajiri kuja kutusikiliza, asanteni sana. Mbele ya kila kundi kuna bahasha ya kaki, kiazi mviringo kimoja, kisu na vijiti viwili vya mishikaki, naomba msiguse kwanza, tutafika huko.

Mimi nafundisha Kemia na Biolojia, sekondari ya kata, kidato cha pili changu kina watoto 70 kwenye chumba kimoja. Nimeombwa niongee kuhusu kutengeneza zana shirikishi kwa masomo mbalimbali, na najua watu wakisikia hilo neno wanawaza projekta na tableti. Nitavigusa hivyo, lakini siyo hapo pa kuanzia. Kwangu mimi zana ni shirikishi pale ambapo mtoto hawezi kuitumia bila kuamua kitu, halafu zana yenyewe ikamwonyesha kama uamuzi wake umesimama au umeanguka, kabla mwalimu hajafungua mdomo. Chati nzuri ya moyo ukutani, hata kama umeichora kwa rangi kumi, mtoto anaiangalia tu. Video pia anaiangalia tu, labda uisimamishe katikati uulize nini kitafuata, na kila mmoja aandike jibu lake ndipo uendelee.

Nimelijua hili kwa kuumia. Miaka ya mwanzo niliandaa somo la kuandika fomula za kemikali, nikaazima projekta, nikatengeneza slaidi ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinatembea zinakutana, darasa likatulia kimya mpaka nikasema leo wameelewa. Wiki iliyofuata nikawapa zoezi, nikasahihisha usiku, nakuta AlO, nakuta MgCl, makosa yale yale ya waliowatangulia. Iliniuma sana kwa sababu nilikuwa nimejitahidi kwelikweli. Ndipo nikachukua karatasi nikaanza kuandika makosa yenyewe, siyo maksi, makosa, nani kaandika nini na inawezekana alikuwa anawaza nini. Nikaona wengi kosa lao ni moja, wanaandika alama mbili pamoja kama majina ya mtu, Alumini na Oksijeni basi AlO, chaji hawaigusi kabisa.

Hapo ndipo kadi zilipozaliwa. Chukua manila, kata ayoni chanya zikiwa na meno pembeni, jino moja kwa kila chaji, Na⁺ jino moja, Mg²⁺ meno mawili, Al³⁺ meno matatu. Ayoni hasi zikate zikiwa na mapengo, Cl⁻ pengo moja, O²⁻ mapengo mawili. Sheria ni moja tu, kila jino lipate pengo na kila pengo lipate jino, hakuna kubakiza. Mtoto anachukua Al anaweka na O, jino moja linabaki nje, anaongeza O nyingine, sasa pengo linabaki wazi, anaongeza Al, anahangaika, mpaka anapata Al mbili na O tatu, meno sita mapengo sita. Hakuna mtu aliyemwambia Al₂O₃, kaipata kwa mikono yake. Na siku ukileta sulfeti, SO₄²⁻, kadi yake ni moja na ina mapengo mawili, anakuta kwa Al mbili anahitaji kadi nzima tatu, na yeye mwenyewe ndiye anayekuuliza, mwalimu hii naandikaje sasa, hapo ndipo unapompa mabano, Al₂(SO₄)₃. Mabano yanakuja yakiwa jibu la swali lake, na hiyo ni tofauti kubwa sana jamani.

Sasa nikamwonyesha mwenzangu wa Kiswahili, akasema hiyo kitu naitaka. Yeye shida yake ni uambishaji, watoto wanakariri kiambishi awali, mzizi, kiambishi tamati, halafu ukiwapa neno wanakata popote. Akakata kadi za viambishi kwa rangi, nafsi rangi moja, njeo, yaani wakati, nyingine, kitendwa nyingine, mzizi nyeupe, a-li-m-pig-i-a, kila kipande kadi yake. Kundi linapewa maana, "yeye jana alipika kwa niaba yangu", linajenga a-li-ni-pik-i-a. Ukiweka ni kabla ya li neno linagoma, mtoto analisoma kwa sauti anasikia mwenyewe kwamba hakuna mtu anaongea hivyo, na sikio la mtoto anayeongea Kiswahili ni mwalimu mzuri kuliko ubao. Halafu anawapa ile sentensi wote tunaijua, alimpigia mpira, kila kundi linaigiza maana tofauti, huyu kampigia mwenzake pasi, huyu kapiga mpira kwa niaba yake, huyu kampiga mtu kwa kutumia mpira, huyu kampiga kwa sababu ya mpira. Utata wa sentensi wanauona kwa macho, na kazi yote imefanywa na kile kiambishi -i- kimoja.

Angalieni kitu hapa, zana ni ile ile. Kadi zinazounganishwa kwa sheria. Kemia sheria ni chaji, Kiswahili sheria ni mpangilio wa viambishi. Ndiyo maana nawaomba msitengeneze zana kila mtu kwenye kona yake, kaeni watatu wanne wa masomo tofauti, mmoja akipata umbo zuri wengine wanalijaza na mambo yao.

Historia ilitusumbua zaidi kwa sababu historia haina jino wala pengo. Tukajaribu kadi za matukio ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, 1905 mpaka 1907, watoto wapange kwa tarehe, wakapanga vizuri na hawakujifunza chochote, tarehe zimeandikwa kwenye kadi, wanapanga namba tu. Kwa hiyo tukafuta tarehe, tukawapa uzi. Kadi ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kadi ya kodi, kadi ya Kinjekitile na dawa ya maji, kadi ya kuanza kwa vita Umatumbini, kadi ya kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni Songea, kadi ya njaa. Kazi ni kuunganisha kwa uzi, hiki kilisababisha kile, na kila uzi lazima uuseme kwa sentensi moja yenye "kwa sababu". Ugomvi mtamu unatokea kwenye kadi ya njaa. Wengi wanaiweka mwisho kabisa pembeni, kama ukame umekuja wenyewe. Ndipo mwalimu anawapa kadi moja ya ziada, majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula, halafu anakaa kimya. Nyuzi zinaanza kuhamishwa. Nimekaa nyuma ya lile darasa siku moja, mimi mwalimu wa Kemia, na msichana mmoja akasimama akasema kumbe njaa nayo ilikuwa silaha. Sijalisahau lile neno.

Biolojia nitapita haraka, somo ni urithi wa sifa. Makopo mawili, kila kopo maharage 20 mekundu na 20 meupe, kopo moja baba lingine mama, mtoto anachomoa moja huku moja kule bila kuangalia, anaandika, anarudisha, mara 40. Nyekundu inatawala, yaani ikitoka hata moja tu unaandika nyekundu, na kitabu kinasema mtapata nyekundu 3 kwa nyeupe 1. Kundi moja litapata 33 kwa 7, lingine 26 kwa 14, wanaanza kusema mwalimu uwiano wa 3 kwa 1 ni uongo, waache waseme hivyo hivyo. Halafu mjumlishe makundi yote 14 ubaoni, ni michomoo 560, hapo tarajia mkaribie 420 kwa 140. Ndipo uwaambie Mendel mwenyewe, yule aliyegundua kanuni za urithi, kwenye mbegu za njegere alihesabu za mviringo 5,474 na zenye makunyanzi 1,850, naye hakupata 3 kamili. Wanaelewa kwa nini yule mtu alihesabu mbegu nyingi vile.

Sasa teknolojia, kwa sababu kuna wenzetu hapa wana maabara ya kompyuta na siyo haki niwaache. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, aliyepata Nobel ya fizikia 2001, ina majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya fizikia, kemia, hisabati, bure kabisa, unaweza kupakua ukatumia bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa Kiswahili. GeoGebra, programu ya kuchora grafu, kwa wa Hisabati, unaburuta kitelezi cha m kwenye y = mx + c mstari unalala na kuinuka, dakika tano zinamaliza kilichokuwa kinachukua kipindi. H5P ni programu kwa wanaotaka kutengeneza maswali ndani ya video. Lakini utaratibu ni ule ule, kabla hajaburuta mwambie aandike anatabiri nini kitatokea. Asipotabiri anacheza tu, vidole vinatembea kichwa kimelala.

Na kama huna kompyuta hata moja, kunja karatasi ipate sehemu nne, andika A, B, C, D, kila mtoto anashika kifuani jibu lake. Eric Mazur pale Harvard alianza mtindo wa namna hii mwaka 1991 na wanafunzi wake wa fizikia: swali moja gumu, kila mtu ajibu peke yake, halafu tafuta jirani aliyejibu tofauti mbishane, halafu mjibu tena. Wakipata karibu wote, endelea mbele usipoteze muda. Wakikosa karibu wote, rudi ufundishe. Katikati ndipo pa kuwaacha wabishane. Watoto 70 unawasoma ndani ya sekunde kumi, bila bando, bila umeme.

Kuna jambo la lugha na nalisema kwa sababu linanigusa. Sisi sekondari masomo mengi tunafundisha kwa Kiingereza, mtihani wake ni Kiingereza, lakini ubishani ule niliousimulia wa kadi ya njaa ulikuwa wa Kiswahili kitupu. Ukiwalazimisha wabishane kwa Kiingereza cha kidato cha kwanza wanabaki kimya, na ukimya ule tunaupa jina la kutoelewa wakati mtoto anaelewa ila hana maneno. Kwa hiyo kadi zetu zina pande mbili, mbele neno la Kiingereza kama litakavyokuja kwenye mtihani, nyuma maelezo ya Kiswahili. Wanabishana kwa Kiswahili, mwisho kila kundi linaandika sentensi mbili kwa Kiingereza. Wengine hamtakubaliana na mimi, tutaongea wakati wa chai, lakini nendeni mkajaribu kipindi kimoja kwanza.

Mambo ya kazi yenyewe. Darasa la 70, makundi ya watano, ni seti 14, kwa hiyo usikate peke yako usiku utachoka na utaacha. Wape watoto wakate, kukata meno ya Al³⁺ ni nusu ya somo. Paka selotepu pana juu ya kadi, zinakaa hata miaka mitatu. Nje ya bahasha andika idadi, "kadi 24", na kiongozi wa kundi ahesabu kabla ya kurudisha, bila hivyo mwezi wa pili utakuta O zimeisha. Na andika nyuma ya bahasha kosa ambalo zana hii inatibu. Ukishindwa kuliandika kosa, usikate manila bado, rudi kwenye madaftari.

Haya, viazi. Hii ni ya Jiografia, na kosa ni hili: mtoto anajua kukariri kwamba kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zikikaribiana mteremko ni mkali, lakini ukimpa ramani hauoni mlima. Kata kiazi katikati, ulaze upande bapa chini, huo ndio mlima wenu. Chomeni vijiti viwili wima kutoka juu mpaka chini, halafu vichomoeni, matundu yabaki. Sasa kateni vipande vya unene wa sentimita moja moja, kila kimoja tukiite mita 20. Anzeni na cha chini, kizungusheni penseli kwenye karatasi, wekeni alama ya matundu, halafu kinachofuata mkiweke matundu juu ya matundu. Kabla hamjachora kipande cha pili, kila mtu aandike mistari itabanana upande gani. Mwenye mwanafunzi asiyeona, kiazi hiki anakipapasa, mwachie akakishika kabla hakijakatwa na baada ya kukatwa.

Bahasha mtafungua mkimaliza, ndani kuna ramani ya mlima wa kundi lingine na mtatakiwa kusema kiazi chake kilikuwa na umbo gani. Dakika kumi na tano, anzeni.