Wakuba Wawili kwenye Pasi

Wadau wa nyumbani, habari za huko? Leo nipo Ybor City, mtaa wa hapa hapa Tampa, Florida, na mkononi nimeshika Mkuba. Msishtuke. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Mkate.

Wiki yangu ya kwanza jikoni, mpishi akapaza sauti: "Weka Wakuba wawili kwenye pasi!" Nikageuka kumtazama mzee niliyekuwa naye zamu, maana ndiye Mkuba pekee niliyekuwa namjua. Wa pili simwoni. Na pasi ya nini tena? Mzee alicheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia.

Kumbe Wamarekani wakisema *Cuban*, au kwa Kihispania *cubano*, ni mtu na ni mkate pia. Na ile pasi ndiyo *plancha*, bamba la moto la kukandamizia mkate. Kwao neno hilo hilo ni pasi ya nguo. Kwa hiyo mkate unapigwa pasi kwelikweli, unalala bapa, ganda linakuwa kavu, jibini inayeyuka.

Ndani, ndugu zangu Waislamu mnisamehe, ni kitimoto juu ya kitimoto. Kuna paja lililohifadhiwa kwa chumvi, halafu kuna nyama ya kuchoma iliyolazwa kwenye vitunguu saumu na maji ya madanzi. Madanzi! Yale yale yanayodondoka uani kwa bibi Tanga hamna anayeyaokota. Kisha jibini, matango ya siki na haradali. Tampa wanaongeza salami, ile soseji kavu ya Kiitaliano, na ukiitaja salami Miami utagombana na watu. Hapa wanakwambia ni alama ya Wasisilia, kwa sababu Vicente Martínez Ybor alipohamishia viwanda vyake vya sigara nene (*cigar*) huku mwaka 1886, Wakuba, Wahispania na Waitaliano walikuja kuishi mtaa mmoja. Mwaka 2012 baraza la jiji lilipitisha kabisa kwamba huu ndio mkate rasmi wa Tampa, salami ikiwemo. Mimi nipo upande wa salami, mnitukane tu.

Turudi kwenye jina. Nilimwambia yule mzee, hata sisi tunalo hilo. Simama barabarani jioni useme unataka muhindi, hakuna atakayekuitia mwenye duka. Utapewa wa kuchoma, na ndimu na pilipili juu. Akauliza, sasa mnajuaje? Nikamwambia ngeli, mzee wangu. Mhindi yule amepita, muhindi ule umeungua. Mtu ni huyu, chakula ni huu. Wewe ni Mkuba huyu, na huo kwenye pasi ni mkuba huu.

Akanyamaza kidogo. Akajigusa kifuani: "Huyu." Akanyoosha kidole kwenye mkate: "Huu." Matamshi safi, bora kuliko ya baadhi yenu mliozaliwa Dar.

Tangu siku hiyo, mkate ukiiva haiti tena kwa Kihispania. Anapiga kelele "Huu! Huu!" jiko zima, na wateja wanadhani kuna bundi.

Haya, unapoa. Naula sasa mbele yenu. Naula, sikilizeni vizuri, simli.