Pima Nafasi Kwanza, Rimu Baadaye: Mhadhara kwa Wenye Magari Yaliyoshushwa

Mafundi, wenye magari, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma, karibuni. Sogeeni, viti vipo. Nimeombwa nizungumze Kiswahili kwa kuwa humu kuna watu wa Arua, wa Busia, na jirani zetu wa Congo. Basi tusipotezeane muda.

Hapa Kampala mtu akitaka kubadilisha rimu huteremka Kisekka au Ndeeba, anaziona zimetundikwa zinang'aa, anauliza bei, anafungiwa. Wiki hiyo hiyo tairi linaanza kukwaruza fenda, lile bati linalofunika gurudumu, kila akivuka tuta. Hapo ndipo anakumbuka kulishusha gari karibu na ardhi kwa springi fupi, na mambo yanazidi kuharibika. Mimi nasema utaratibu huo umepinduliwa. Shusha gari kwanza hadi urefu utakaobaki nao, lipige alaimenti, yaani magurudumu yanyooshwe, pima nafasi iliyobaki ndani ya fenda, ndipo uende kutafuta rimu itakayoingia hapo.

Sasa ofseti. Gawa upana wa rimu katikati kwa mstari. Mstari huo na ule uso wa rimu unaokaa kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa kwenye gari, mara nyingi haviko mahali pamoja, na umbali kati yake, kwa milimita, ndio ofseti. Geuza rimu utazame nyuma, utaona imeandikwa: ET55, ET48, ET35. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, gurudumu linaingia ndani kuelekea shokapu; ikipungua, linatoka nje kuelekea fenda.

Tuandike ubaoni. Subaru Impreza WRX ya 2006 ilikuja na rimu ya inchi 17, upana inchi 7, ET55. Inchi 7 ni milimita 178, nusu yake 89. Pima kutoka kwenye habu: upande wa ndani unajumlisha, 89 na 55, jibu 144. Upande wa nje unatoa: 89 toa 55, jibu 34. Basi. Hiyo ndiyo alama ya gari lako kabla hujagusa kitu.

Anakuja muuzaji na rimu ya upana 8, ET35. Nusu yake ni 102. Ndani 137, nje 67. Kwa hiyo ndani umepata nafasi ya milimita 7, lakini nje gurudumu limetoka milimita 33 zaidi ya lilivyotoka kiwandani. Gari lililoshushwa haliwezi kumeza hizo bila kukunja ukingo wa fenda. Chukua badala yake upana 7.5, ET48: ndani 143, nje 47. Ndani ni kama hujabadilisha kitu, nje umesogea milimita 13, na kwa macho gurudumu limejaa vizuri. Ningekuwa mimi, ningenunua hiyo na kulala usingizi.

Halafu kuna gharama ambayo haionekani siku ya kufunga. Gurudumu likitoka sana nje, uzito unaikalia beringi vibaya, na usukani unavutwa kila tairi moja linapoingia shimoni. Mashimo yetu mnayajua.

Upande wa ndani una mtego wake. Kwenye gari la shokapu moja iliyosimama, kama hizo Impreza mbele, shokapu na gurudumu hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo nafasi kati yake haibadiliki sana gari likishuka. Lakini mkifunga zile shokapu za kurekebisha urefu, kikalio cha springi huteremshwa, na kikiteremka mno kinafika usawa wa tairi. Pitisha kidole hapo. Kisipopita, rimu hiyo haifai hata kama nje inapendeza vipi.

Nje nako usipime gari likiwa limesimama tupu. Toa springi ya upande mmoja, funga gurudumu, inua kwa jeki hadi shokapu ifike kwenye mpira wake wa kikomo, kisha zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Huna nafasi ya kufanya hivyo? Paka chaki kwenye bega la tairi, pakia watu watano na mizigo kama mnakwenda Masaka kwenye harusi, pita matuta polepole, kisha tazama chaki imefutika wapi. Chaki haimwonei mtu haya. Na kama ni lazima kukunja ukingo wa fenda, mwambie fundi aipashe moto kwanza rangi ya hapo. Rangi baridi hupasuka, na kutu itaanzia hapo hapo.

Tairi. Wengi wenu mna Toyota Premio, na nyingi zinavaa 195/65R15: upana milimita 195, ukuta wa pembeni asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Kimo chake chote ni milimita 634, ukuta wa pembeni 127. Watu wanaruka kwenda 215/45R17: kimo 625, tofauti haifiki asilimia 2, spidomita haitadanganya sana. Ila ukuta umebaki 97. Huo ukuta ndio unaoilinda rimu ukigonga shimo. Barabara ya mwendo kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018, ni laini, sawa, lakini hakuna anayeishi humo; lazima utoke uingie mtaani.

Kuna jambo jingine watu hawalisomi kabisa: namba ya uzito baada ya saizi. 195/65R15 yenye 91 inabeba kilo 615. Ukifunga 215/45R17 yenye 87, kila tairi sasa linabeba kilo 545. Umepunguza kilo 70 kila kona, kisha unapakia shemeji, watoto na gunia la matoke! Kwa Premio iliyoshushwa napendekeza 205/50R17 yenye 93. Kimo 637, karibu sana na ile ya kiwandani, ukuta 102, linabeba kilo 650, na kwa kuwa ni jembamba zaidi, fenda inapumua. Inchi 18 kwa gari la kila siku hapa mjini, mimi sishauri.

Wenye Subaru, sikilizeni. Gari lenu linavutwa na magurudumu yote manne. Msifunge matairi makubwa nyuma na madogo mbele, wala mawili mapya na mawili yaliyokwisha. Kimo kikitofautiana, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hadi iungue.

Matundu ya boliti nayapitia haraka. 5x100 ni matundu matano kwenye duara la milimita 100; si 5x114.3, na 5x112 haifungwi kwenye 5x114.3 hata kama nati zinaingia. Boliti zinavutwa upande na nati hulegea zenyewe. Tundu la katikati kwenye Impreza ni milimita 56.1, na rimu nyingi za dukani zina 73.1. Weka pete ya kujaza hapo, ndogo na ya bei rahisi, la sivyo usukani utatetemeka ukifika mwendo wa safari.

Kuna mkono umeinuliwa. Ndugu yangu anauliza kuhusu spesa, kile kipande bapa kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kusogeza gurudumu nje. Spesa nyembamba isiyo na boliti zake inakula nyuzi za boliti za gari. Hesabu mizunguko ya nati: Toyota nyingi, mizunguko 8 kamili, Subaru, karibu 10. Ikipungua, toa hiyo spesa, au badilisha boliti uweke ndefu.

Mama hapo mbele anauliza kama nati za zamani zinatosha. Kwa Toyota, angalia vizuri. Rimu za alumini za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, ilhali nyingi za dukani zinataka nati zenye mdomo wa koni. Nati ya washa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, na itakudanganya kwamba imekaza. Nunua seti nzima ya koni, kaza kwa spana ya kipimo, kwa mtindo wa nyota, kisha baada ya kilomita 50 hadi 100 rudi uzikaze tena.