Mkoba Usio na Jina: Bottega Veneta na Kimya Chake

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Rehema, na kaka Salim yuko mbele yangu, tayari amekunja mikono ya shati. Leo tunazungumzia jumba moja tu la mitindo, la Italia: Bottega Veneta. Kaka Salim ndiye aliyelichagua, basi aanze yeye.

SALIM: Asante, dada Rehema. Kuna swali limenikaa kichwani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa hawa wanauza mikoba ya bei ya juu kabisa, na ukiutazama mkoba kwa nje huoni jina lolote. Hakuna herufi za dhahabu, hakuna nembo iliyopigwa chapa ubavuni. Nataka tujue: kizuri hicho kinajiuza chenyewe kweli, au kuna watu wanakitembeza usiku na mchana sisi tusiwaone?

REHEMA: Mimi nasema kinajiuza.

SALIM: Mimi nasema hapana, ingawa kazi yao naipenda sana. Endelea.

REHEMA: Anza na jina lenyewe. Bottega kwa Kiitaliano ni karakana, mahali fundi anapofanyia kazi na kuuzia. Veneta ni ya Veneto, mkoa wa kaskazini-mashariki mwa Italia. Kwa hiyo ni karakana ya Veneto, basi. Walioianzisha ni Michele Taddei na Renzo Zengiaro, mjini Vicenza, mwaka 1966. Chanel, Dior, Gucci, Prada, Versace, yote hayo ni majina ya watu. Hawa wawili hawakuweka hata lao.

SALIM: Na karakana ndiyo iliyowapa sura. Inasimuliwa kwamba cherehani walizokuwa nazo zilikuwa za kushonea nguo, sindano haikupenya ngozi nene. Ngozi nyembamba ilipita vizuri, lakini mimi nimeshika ngozi miaka mingi, nakwambia mkoba wa ngozi nyembamba hauna maisha. Ukiujaza unavutika, ukiuning'iniza pembe zinaanza kuachia. Wakafanya nini? Wakaikata ngozi kanda nyembamba, wakazisuka moja juu moja chini, kimshazari. Wakauita usukaji huo intrecciato.

REHEMA: Na kweli unaongeza nguvu?

SALIM: Sana. Mzigo ukivuta upande mmoja, kanda zote zinaugawana, hakuna sehemu moja inayobeba peke yake. Aliyewahi kushika ukili anaelewa. Jani moja unalichana kwa ukucha, lakini likishasukwa na wenzake utavuta hadi uchoke. Halafu ngozi inabaki laini, haisimami kama sanduku. Mkoba unalala mkononi. Hapo ndipo wateja wao wengi wananaswa, kabla hata hawajafikiria mitindo.

REHEMA: Basi umenipa ushindi mapema, kaka. Mtu anaushika, anaupenda, ananunua. Kizuri kimejiuza.

SALIM: Subiri. Miaka ya 1970 walikuwa na kaulimbiu maarufu kwenye matangazo yao. Kwa Kiswahili ningeitafsiri hivi: "Pale ambapo herufi za jina lako mwenyewe zinatosha." Sikiliza maneno hayo vizuri. Yanamwambia mnunuzi kwamba yeye ni mtu kamili, hahitaji kuazima herufi za mtu mwingine. Nani hapendi kuambiwa hivyo? Mkoba haukusema chochote, lakini tangazo lilisema, na lilisema kwa ustadi mkubwa.

REHEMA: Lakini ahadi iliyo ndani ya tangazo waliitimiza.

SALIM: Kwa muda. Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Dunia ya mitindo ilikuwa imejaa nembo, kila mmoja anaandika jina lake popote penye nafasi, na wao wakaingia humo humo. Karakana iliyojivunia kutoandika jina ikaanza kuandika jina. Biashara ikayumba. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa zaidi walilowahi kufanya, kwa sababu waliacha kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho, wakafuata kitu ambacho kila mtu alikuwa nacho.

REHEMA: Mwaka 2001 wakanunuliwa na Gucci Group, ambayo baadaye iliingizwa ndani ya kampuni inayoitwa sasa Kering, ya Ufaransa, na usukani wa ubunifu akapewa Tomas Maier, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi Hermès, jumba la mitindo la Ufaransa. Nembo akaziondoa. Akawarudisha mafundi mbele, akarudisha usukaji wa mkono. Akatoa ule mkoba unaoitwa Cabat, na mwaka 2006 jumba likafungua shule ya ufundi wa ngozi Vicenza, kwa sababu mafundi wazee walikuwa wanazeeka na ujuzi wao ulihitaji kurithiwa. Alikaa hadi 2018. Miaka kumi na saba! Katika kazi hii siku hizi mbunifu akikaa miaka mitano watu wanashangaa.

SALIM: Sasa hapa nina kitu nataka wasikilizaji wakisikie, maana mimi kiliponifikia kilinibadilisha mawazo. Kampuni hii isiyotaka jina lake lionekane ilikwenda kwenye ofisi ya alama za biashara ya Marekani na kuomba usukaji wao usajiliwe kama alama ya biashara. Usukaji wenyewe.

REHEMA: Kama vile wengine wanavyosajili nembo?

SALIM: Vivyo hivyo. Mkaguzi akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kusuka ngozi ni pambo, na watengenezaji wengine nao wanalihitaji, haliwezi kuwa mali ya mmoja. Wakakata rufaa, na mwaka 2013 wakashinda. Lakini angalia walivyoshinda: si kila usukaji. Ni kanda za ngozi zenye upana wa milimita 8 hadi 12, zilizo sawasawa, zimesukwa kwa pembe ya nyuzi 45, zimefunika bidhaa yote au karibu yote. Ukisuka kwa kanda pana zaidi, au ukanyoosha mistari wima na mlalo, uko nje ya alama hiyo.

REHEMA: Milimita nane hadi kumi na mbili...

SALIM: Ndiyo. Kwa hiyo nembo ipo, dada Rehema. Imeandikwa kwa milimita na kwa nyuzi za pembe badala ya herufi. Tangu siku hiyo siwezi kukubali mtu akiniambia kwamba Bottega Veneta haina nembo.

REHEMA: Hoja nzito, naikubali nusu. Nusu nyingine naikataa. Herufi mbili za dhahabu unaweza kuzigonga kwenye mkoba mbovu na bado zikasomeka. Usukaji ukifanywa vibaya unaonekana vibaya. Kanda moja ikilegea, jicho linakwenda palepale. Alama yao haiwezi kutenganishwa na kazi ya fundi. Hiyo ni tofauti kubwa, na mimi nadhani mteja anailipia hiyo.

SALIM: Hapo siwezi kukubishia. Kazi mbaya ya kusuka haina pa kujificha.

REHEMA: Twende kwa Daniel Lee, mbunifu aliyemrithi Maier. Mwingereza, aliingia 2018, hakuwa maarufu. Akauchukua usukaji akaupanua, kanda zikawa nene, zimevimba kama mto. Akatoa pochi kubwa laini iliyokunjamana mdomoni, iliyoitwa The Pouch, na ghafla kila mwanamitindo alikuwa ameikumbatia kifuani. Na ile rangi ya kijani, kijani kali cha kasuku! Mwaka 2019 kwenye tuzo za mitindo London alichukua tuzo nne usiku mmoja.

SALIM: Kijani kile kwangu ni nembo nyingine. Mfuko wa karatasi wa kijani ukipita barabarani, watu walijua umetoka wapi.

REHEMA: Kisha Januari 2021 wakafuta ukurasa wao wa Instagram. Wakati kila kampuni inahesabu wafuasi, wao wakaondoka.

SALIM: Wao wakaondoka, ila wateja na mashabiki wakabaki wakiendelea kuzitangaza bidhaa zao kila siku, bila malipo. Na ule ukimya ukawa habari, magazeti yakaandika. Simlaumu aliyebuni mpango ule, alijua anachofanya. Ila usiniambie kilijiuza chenyewe.

REHEMA: Basi nikupeleke mahali ambapo naamini utanyamaza. Matthieu Blazy, aliyemrithi Lee, onyesho lake la kwanza, Milan, Februari 2022. Vazi la kwanza kabisa kupanda jukwaani: fulana nyeupe ya mikono wazi na suruali ya jinzi. Watu wakadhani hayo ni mavazi ya kila siku tu. Suruali ile ilikuwa ya ngozi. Ngozi ya nubuck, yaani iliyosuguliwa hadi ikawa laini kama mahameli, imechapishwa rangi hadi ikafanana na jinzi iliyofuliwa mara nyingi. Septemba mwaka huohuo, mwanamitindo Kate Moss akatoka na shati la mirabaraba lililofanana na flaneli na suruali iliyofanana na jinzi. Vyote ngozi, vimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka.

SALIM: Hapo nanyamaza kweli.

REHEMA: Fikiria mtu anavaa shati lile. Anakaa na watu, hakuna anayegeuka. Wanadhani ni shati la flaneli. Anayejua ni yeye, ngozi yake mwenyewe inayogusa ngozi ile. Nani anatembezewa nini hapo? Hakuna. Kwangu hiyo ndiyo ahadi ya lile tangazo la miaka ya 1970 imefika mwisho wake kabisa.

SALIM: Nimekaa na wazo hilo wiki nzima. Mwenye macho haambiwi tazama, na wateja wengi wa jumba hili wanataka kutambuliwa na wenye macho wachache tu. Hilo linanitia shaka kidogo. Lakini huyu wa shati la ngozi hatambuliwi hata na hao wachache, mpaka wamguse. Nadhani huyo ananunua raha ya kweli.

REHEMA: Na mimi niseme linaloniumiza. Siku hizi kuna msemo "anasa ya kimya", na nasikia watu wakiutumia kuwadharau wanaovaa nembo kubwa. Sipendi. Mtu aliyehangaika miaka hadi akanunua mkoba wenye herufi, akataka herufi zionekane, ana haki yake. Uzuri wa intrecciato hauhitaji kumdharau mtu.

SALIM: Kabisa. Na fundi aliyesuka hakuwa na dharau hiyo. Yeye alikuwa anahesabu kanda zake.

REHEMA: Blazy sasa ameshakwenda Chanel, na tangu Januari 2025 aliyekabidhiwa kazi ni Louise Trotter, Mwingereza. Lakini kaka Salim, kabla hatujaagana, ile habari ya Lauren Hutton, mwanamitindo na mwigizaji wa Marekani.

SALIM: Ah, hiyo. Mwaka 1980, kwenye filamu moja ya Marekani, Lauren Hutton alibeba kwapani pochi laini iliyosukwa, ya Bottega Veneta. Haikuwa na jina wala nembo. Septemba 2016, jumba linatimiza miaka 50, Tomas Maier akamrudisha jukwaani Milan. Mama wa miaka 72, ameshikana mkono na mwanamitindo kijana Gigi Hadid, na pochi ile ile imetengenezwa upya, iko mkononi. Watu wakaitambua papo hapo. Miaka 36 imepita.

REHEMA: Basi nijibu swali lako mwenyewe. Ile pochi nani aliiuza?

SALIM: Fundi aliyeisuka, na kamera, na yule mama alivyoibana kwapani kana kwamba hana habari nayo. Wote watatu. Nikimtoa mmoja sina jibu.

REHEMA: Na ukikutana na mkoba wao leo, unatazama nini kwanza?

SALIM: Ndani. Cabat haina bitana, hakuna kitambaa cha kufunika kazi, kwa hiyo ukiufungua unaona kanda zilezile zilizo nje, zimesukwa vilevile hadi kwenye kitako. Napitisha kidole pale pembeni, kanda zinapogeuka.