Sinia moja, bili tano: kula nje Toronto kunanitoka shilingi ngapi

Haya, mwakeye jamani. Wa Mwanga, wa Gungu, wa Ujiji, wa Mwandiga, Kasulu mpaka Kibondo, Kigoma yote nawasalimu, mimi niko huku Toronto, Kanada. Mnaniona na koti ndani ya nyumba, msiulize. Nakaa chini ya nyumba ya mtu, na hita anaiwasha yeye akijisikia baridi yeye.

Leo nimekaa kwa swali moja tu. Nililipita mara ya kwanza, nikalipita mara ya pili, lakini tangu niweke ile picha ya kaimati mmenizidi. "Dada, huko mtu akitoka na rafiki zake kwenda kula, inamtoka shilingi ngapi?" Wapo wanaouliza kwa heshima zao. Wapo walioshajijibu: "Kila wiki uko mgahawani, halafu video ya juzi unalia kodi ya nyumba." Mmoja kaandika, "Mwambieni huyo hata sisi tunakula." Najua unakula, kaka yangu. Mimi nimekuzwa na mgebuka na ugali wa muhogo, sijaja hapa kumfundisha mtu wa Kigoma kula.

Nikitaja bei, najisifu. Nikisema ni ghali, nalalamika, nirudi nyumbani. Nikinyamaza, naringa. Kwa hiyo nimekuja na risiti, mtajua wenyewe mnaniita nani.

Hii hapa. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Hii ni ya Jumamosi iliyopita, tulikuwa watano, tulikwenda kwa Wahabeshi pale Danforth. Danforth ni barabara ndefu ya mashariki ya jiji. Upande wa stesheni ya Greenwood wamejaa Waethiopia, ukisogea kuelekea Pape unaingia kwa Wagiriki. Tukaagiza sinia la watu watano: injera, ule mkate wao wa nafaka ya tefu unaofanana na chapati ya maji iliyochachuka, juu yake dengu, kabichi, mboga za majani, shiro, ule mchuzi wao mzito wa unga wa dengu, na nyama ya kukaanga pembeni. Mnakula kwa mkono wote kwenye sinia moja. Mimi mgahawa huo naupenda kwa sababu hiyo hiyo, siku nyingine nasahau niko wapi. Kuna Mkanada mmoja kati yetu, tulimfundisha kutochukua nyama ya mwenzake upande wa pili, sasa anajua kuliko sisi.

Ukigawa kwa watano, ni dola 22 za Kanada kila mtu. Hiyo ndiyo bei ya kwenye menyu. Usiiamini. Bei ya huku huandikwa uchi, nguo inavalishwa mlangoni. Jimbo letu la Ontario kuna kodi ya serikali ya asilimia 13 juu yake, 22 inakuwa 24 na senti 86. Halafu mhudumu anakuletea mashine ya kadi, na mashine inauliza kabla hujalipa: bakshishi asilimia 18, 20 au 25? Mhudumu amesimama hapo hapo, anaangalia dari, anajifanya haoni. Na ile asilimia mashine nyingi zinaipiga juu ya bei iliyokwisha kuongezwa kodi, yaani unaitolea bakshishi hata kodi ya serikali. Nikabonyeza 18. Ikaja 29 na senti 33.

Tukatembea kwenda kwa Wagiriki kula kitu kitamu, zile kaimati: dola 9, na kodi yake 10 na senti 17. Pale ni kaunta, unachukua mwenyewe, unasimama mwenyewe, na mashine bado inauliza bakshishi. Nikabonyeza sifuri. Msichana wa kaunta akaniangalia. Na mimi nikamwangalia.

Nauli dola 3 na senti 30. Jumla 42 na senti 80. Mimi huwa napiga dola moja kwa shilingi 1,800, msinishike shati kwa senti. Elfu 77. Jibu la swali lenu ndilo hilo, mnaotaka kuondoka ondokeni, ila mkienda kunisema semeni na yanayofuata.

Mimi ni mwanafunzi. Sheria inaniruhusu kufanya kazi masaa 24 kwa wiki wakati wa masomo, nje ya chuo. Ilikuwa 20, wakaongeza Novemba 2024. Kima cha chini Ontario ni dola 17 na senti 60 kwa saa tangu Oktoba 2025, na mimi ndicho ninacholipwa, wala sitanii. Ile Jumamosi ni kama masaa mawili na nusu ya kuosha sufuria, kabla ya makato. Ndiyo, naosha vyombo mgahawani. Nilishasema kwenye video ya mwaka jana, watu wakacheka, mbona leo mnasahau?

Ndiyo maana bakshishi naitoa huku nalalamika. Zamani huku wahudumu wa sehemu za pombe walikuwa na kima chao cha chini zaidi, dola 12 na senti 55, bakshishi ikawa ya kuwajazia. Januari 2022 kile kima kikafutwa, wakawa sawa na wengine. Bakshishi ikabaki, na asilimia zikapanda. Kama mteja nakasirika. Lakini usiku pale kazini wahudumu wanatugawia na sisi wa jikoni, kuna siku nzuri napata dola 12 juu ya mshahara. Sasa nibonyeze sifuri kwa mtu aliyesimama miguu inawaka moto? Kwa kaunta sawa. Kwa mtu aliyenibebea sinia, hapana. Ni mimi lakini, wengine wanabonyeza sifuri na wanalala usingizi.

Na kwa kuwa nimeitaja kazi, niseme hili linalonichoma. Kibali changu cha masomo kilikuwa kinaisha, nikaomba kipya kabla ya tarehe. Ukiomba kabla ya tarehe, sheria inasema unaendelea kwa masharti yale yale mpaka wajibu. Bosi wangu hakuelewa. Sisi wakazi wa muda, namba yetu ya kazi inaanza na tisa na ina tarehe ya mwisho. Yeye akaona tarehe imepita, basi, akanitoa kwenye ratiba. Wiki tatu. Nilimpelekea maelezo ya serikali nimeyachapisha, nimeyapigia mstari, akasema "tusubiri barua". Na ndani ya wiki zile tatu ndipo mtu kaniandikia "kula bata dada". Bata gani? Nilikuwa nakula wali na maharage ya kopo.

Basi. Turudi mezani.

Mwezi wangu wa kwanza hapa, mwaka 2023, binti mmoja wa darasani akaniambia twende tukale. Kwetu ukisema "twende tukale" umeshalipa, si ndiyo? Aliyealika ndiye mwenye bili. Nikaenda na dola 12 mfukoni, za nauli na za heshima. Tukafika, akanisukumia menyu, "chagua unachopenda". Mimi mtoto wa Kigoma nikakataa kwanza, nikasema nitakunywa maji tu. Akanisisitiza. Mara ya pili nikakataa kidogo. Mara ya tatu nikachukua mbavu za kondoo.

Mhudumu akaja na swali ambalo sikuwahi kulisikia maishani: pamoja au mbalimbali? Wote kwa sauti moja: mbalimbali! Nikaletewa kikaratasi changu peke yangu. Dola 38. Kadi yangu ya benki haijafika, iko kwenye posta mahali fulani. Nilitazama ile karatasi mpaka herufi zikaanza kucheza. Aliyeniokoa ni dada wa Bujumbura, hatujawahi kuongea hata siku moja. Aliniinamia akanong'ona kwa Kirundi, niache yeye alipe, nitamrudishia. Kiha na Kirundi mnajua ni mtu na ndugu yake, mezani hakuna mwingine aliyeelewa. Aibu yangu ikabaki ya kwetu wawili. Ndiye shoga yangu mpaka leo.

Yule binti aliyenialika wala hakuwa mbaya. Kwao kukualika maana yake anataka kukaa na wewe. Ilinichukua muda kuikubali hiyo, na bado sinia moja likiletewa bili tano kuna kitu kinanikata hapa kooni. Tumechovya pamoja, vidole vimegusana, halafu tunapanga foleni kwenye mashine kama tuko kituo cha mafuta. Siku nyingine mmoja analipa yote, tunamtumia kwa benki, huku pesa inatumwa kwa barua pepe ya mtu, kama M-Pesa. Kuna mtu ananidai dola 14 hata— samahani, mimi ndiye ninamdai. Anajijua. Anatazama chaneli hii.

Ujanja wetu mkubwa ni nauli. Ukigusa kadi mara moja una masaa mawili ya kupanda na kushuka bila kulipa tena. Kwa hiyo tunakula kwa saa. Jumamosi niligusa stesheni ya Warden saa kumi na moja na dakika kumi jioni, maana yake nigusie kurudi kabla ya saa moja na dakika kumi. Sinia lilichelewa. Kaimati tulikula tunakimbia, asali inachuruzika mpaka kwenye mkono wa koti, nikagusa Pape saa moja na dakika nane. Watu wazima watano na digrii zetu, kwa ajili ya dola tatu na senti 30.

Wakati mtamu ulikuwa mmoja tu, kuanzia 14 Desemba 2024 mpaka 15 Februari 2025, serikali iliondoa kodi kwenye chakula cha mgahawani. Tulitoka kila wiki. Picha nyingi mnazozitoa kunisutia ni za miezi ile, angalieni tarehe.

Haya, sasa ile picha. Wagiriki wana kitu wanaita loukoumades. Ni kaimati. Sisemi zinafanana, nasema ni kaimati: unga umeumuka, unadondoshwa kwenye mafuta, duara, rangi ile ile. Wao wanamwagia asali na mdalasini badala ya shira. Nilipoziona mara ya kwanza nilisimama dirishani kama mjinga. Bibi yangu Ujiji alikuwa anakaanga kaimati kila Ramadhani, mimi ndiye nilikuwa napita nazo nyumba kwa nyumba na beseni kichwani. Nikapiga picha, nikaandika chini yake: "Dola 9, kaimati sita." Nilikuwa nacheka peke yangu.

Mtu akaipiga skrinshoti, akaipeleka kwenye kundi la familia. Mjomba akaandika moja tu: "Kiwanja cha Gungu kinaliwa na asali."

Nilikaa na simu usiku mzima. Maana nilipokuja 2023, Kanada walitaka mwanafunzi aonyeshe dola 10,000 za kujikimu, mbali na ada. Kama milioni 18. Mjomba aliuza kiwanja, mama akaweka mtaji wake wa dagaa wa Kibirizi, na wengine wakachanga. Pesa ile iliwekwa benki, na benki ilikuwa inanirudishia kidogo kidogo kila mwezi, na iliisha mwaka ule ule, kwenye kodi ya chumba. Kaimati nililipa kwa sufuria. Lakini kwa mjomba kila sahani ninayopiga picha ina kona ya kiwanja chake, na siwezi kumwambia amekosea kabisa. Ninachomdai ni kimoja: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, 15 Mei mpaka 15 Agosti, mama hana mzigo, nilituma nilichopata chote, miezi mitatu sikukanyaga hata kibanda cha chai. Hiyo hakuna aliyeipiga skrinshoti.

Na mnaosema "nielekeze njia uliyopita": njia imepanda bei. Wanaoomba tangu 1 Septemba 2025 wanaonyesha dola 22,895. Piga kwa 1,800, zaidi ya milioni 41, na ada haimo. Simkatazi mtu. Mwenzangu yuko Calgary, kodi yao mgahawani ni asilimia 5, anaishi vingine kabisa. Mwenye makazi ya kudumu hahesabu masaa kama mimi. Haya ni ya kwangu, ya chini ya nyumba hii, msije mkasema dada alisema.

Mniulize basi kwa nini natoka. Kwa sababu wiki nzima nazungumza na sufuria. Hivyo tu.

Bibi naye aliiona ile picha, walimwonyesha. Kanitumia ujumbe wa sauti, dakika moja na nusu, nusu yake ni jogoo. Nikajua na yeye ananisema. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hizo hazijaiva katikati. Unaona zilivyobonyea? Na asali ya nini, huko hakuna sukari?" Halafu akanipa kipimo cha shira, iliki mbili, kwa ukali kama vile mimi ndiye nimezikaanga.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo hatutoki. Mwenye nyumba hataki harufu ya mafuta, tunakaangia kwa shoga yangu wa Bujumbura. Nimealika mimi, nalipa mimi. Yule wa dola 14 amesema anakuja. Nimemwambia aje na unga.