Mlango Mmoja wa Pombe na Bangi

Mabibi na mabwana, walionisikia mwaka jana wataniwia radhi, kwa maana narudi kwenye mlango uleule, mlango wa duka moja linalouza pombe na bangi pamoja. Kanada ilipohalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, kila jimbo liliachiwa kuamua iuzwe wapi. Kikosi kazi kilichoishauri serikali kuu, chini ya Anne McLellan, kilikuwa kimeshapendekeza mwaka 2016 kwamba bangi isiuzwe pamoja na pombe "pale inapowezekana". Ni hilo "pale inapowezekana" linaloninyima usingizi.

Chukueni Northwest Territories, eneo la kaskazini mwa Kanada. Nchi yake ni kubwa kuliko Tanzania, ila watu wake, kwa sensa ya 2021, walikuwa 41,070, yaani hawaujazi Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wametawanyika katika makazi 33, na serikali yao ilipotafuta pa kuuzia bangi iliipeleka katika maduka ya pombe yaliyokuwapo tayari.

Nilimfahamu mama mmoja katika mji mdogo kando ya Mto Mackenzie, aliyekuwa ameacha pombe kwa miaka tisa. Dawa yake ilikuwa kubadili njia ya kwenda posta, asipite mbele ya duka la pombe. Mji wenyewe una barabara chache, kwa hiyo njia hiyo ilimzungusha sana, siku nyingine katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, naye akazunguka miaka yote tisa. Kisha magoti yakaanza kumkosesha usingizi, akasikia kwamba bangi sasa ni halali, na halali yenyewe ilikuwa inauzwa ndani ya duka lilelile. Alienda. Muuzaji alimtambua mara moja, kwa kuwa ndiye aliyemuuzia chupa za zamani. Siku hiyo mama alitoka na bangi peke yake. Wiki iliyofuata alitoka na vyote viwili. Nilipomuuliza ni kipi kilichomponza, alinijibu kwa neno moja: mlango.

Mtasema angeagiza kwa posta. Ni kweli, bangi iliuzwa pia mtandaoni, lakini yeye hakuwa na kadi ya kulipia. Mtasema tena kwamba mji wa watu elfu moja hauwezi kubeba maduka mawili, ukihesabu pango, mishahara na mafuta ya kupasha nyumba joto. Hoja hiyo naiheshimu, maana bili ya mafuta ya huko nimewahi kuilipa mwenyewe. Ila mimi siombi duka la pili. Naomba dirisha linalofunguka nje, ukutani mwa jengo lilelile, mtu anunue bila kupita kati ya rafu za vodka. Seremala mmoja hulimaliza.

Na umbali usifanywe kisingizio. Nova Scotia, jimbo jingine la Kanada, ina barabara na miji, lakini kati ya maduka yake 12 ya mwanzo ya bangi, 11 yalikuwa ndani ya maduka ya pombe. Shirika la pombe la jimbo hilo lilikuwa na majengo, ghala na wauzaji tayari, basi. Hiyo ni hesabu ya fedha, na tuiite hivyo.

Naona pale nyuma mnanong'ona kwamba kwetu bangi ni kosa la jinai, hivyo haya yanatuhusu nini. Sikuja kuinadi bangi, ndugu zangu; tangu nianze nazungumzia pombe.

Kuhusu madereva nitasema tu kwamba vilevi hivi viwili vikichanganywa humlemaza mtu kuliko kimoja peke yake. Yamebaki makazi ya Northwest Territories kama Whatì, yaliyopiga marufuku pombe, na kura ambayo sheria ya huko iliziruhusu jamii kuipiga juu ya bangi pia, lakini mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa mara mbili, basi hilo niulizeni wakati wa maswali.