Sheria ya Kimataifa Mbele ya Jaji wa Milimani

Wanafunzi wapendwa, nanyi wakazi wa Nairobi mliokuja kutusikiliza, karibuni.

Kila nikifundisha somo hili naulizwa: hii ni sheria gani isiyo na bunge wala polisi? Ni swali la haki. Jibu wengi hulitafuta The Hague, kwenye mahakama za kimataifa. Mimi nalitafuta hapa mjini, katika mahakama za Milimani.

Dola hufungwa na mikataba iliyoiridhia, na desturi ambazo mataifa huzifuata yakiamini ni wajibu, na kanuni za jumla za sheria. Katiba yetu ya 2010 ikayaleta hayo nyumbani. Kifungu cha 2(5) kinazifanya kanuni za jumla za sheria ya kimataifa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. 2(6) kinaongeza mikataba tuliyoridhia.

Siku ile ile Katiba ilipozinduliwa Uhuru Park, tarehe 27 Agosti 2010, Rais Omar al-Bashir wa Sudan alikuwa mgeni wetu, naye anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, tulikuwa tumeuridhia tangu 2005. Aliondoka salama, na mimi bado naona ilikuwa aibu. Mwaka uliofuata, Mahakama Kuu iliamuru akamatwe akikanyaga tena Kenya.

Lakini kesi ninayotaka muishike ni ya kijiji cha Mitumba, jirani na uwanja wa ndege wa Wilson. Nyumba zilibomolewa Novemba 2011. Wakazi walikuwa wameshashtaki; wakashinda Mahakama Kuu 2013, wakashindwa katika Mahakama ya Rufaa 2016, wakafika Mahakama ya Juu. Walitegemea, pamoja na mengine, miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuhamisha watu. Januari 2021 majaji wakasema miongozo hiyo peke yake haifungi kama kanuni za kifungu cha 2(5), ila jaji anaweza kuitumia kufafanua haki ya makazi iliyo katika kifungu cha 43. Kesi ikarudishwa Mahakama Kuu ili waamuliwe nafuu wanayostahili.

Hapo ndipo mawakili wengi huteleza: hushika waraka wowote wenye nembo ya Umoja wa Mataifa wakidhani umemaliza kesi. Mtetee mteja wako kwa Katiba kwanza, kisha mwongozo uje kumwonyesha jaji jinsi mtu anavyopaswa kuhamishwa: kwa notisi, kwa kusikilizwa, na akiwa na mahali pa kulala.