Kurudiwa na Kurudi

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wa kanisa, wainjilisti, mama zangu na ndugu zangu, nimeombwa niseme namna ya kumsaidia mwenzetu ambaye Mungu anamrudi. Niruhusuni nianze na neno lenyewe.

Waebrania 12:6, Biblia ya Union: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Kumrudi mtoto ni kumkanya akikosea. Lakini anayetoka shamba jioni, jembe begani, naye tunasema anarudi. Na sisi Walutheri, aliyetengwa akipokewa tena, tunasema amerudi kundini. Mwenye kusikia Kiswahili ameshaelewa Mungu anataka nini anapotukemea: anatutaka nyumbani.

Paulo anasema mtu akighafilika katika kosa, mrejezeni upya kwa roho ya upole, Wagalatia 6:1. Kitenzi cha Kigiriki alichokitumia hapo ndicho Marko alichokitumia kwa Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Mmewahi kumtazama mvuvi akishona wavu? Huulaza mapajani, akaupapasa mpaka vidole vikutane na tundu, kisha akalifunga jicho moja la wavu, akahamia la pili. Wala hafanyi haraka, maana wavu ule anautaka tena majini.

Mimi nilishonwa hivyo. Miaka hiyo nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Pesa za sare zilikuwa kwangu, ada ya mtoto ikanibana, nikazichukua nikijiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Miezi ikapita mitatu. Jioni moja akaja mama mmoja, mzee wa kanisa letu. Alinikuta uani nachambua mchele. Akavuta kigoda, akaingiza mkono kwenye ungo, akaanza kutoa mawe pamoja nami. Tulichambua mpaka mchele ukaisha. Ndipo akasema, sauti yake ya chini: "Mwanangu, zile za sare ziko wapi?"

Nililia. Hakuniambia nisilie, wala hakusema si kitu. Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa mchungaji, na maneno niliyasema mwenyewe. Nikatengwa na meza ya Bwana hadi nilipomaliza kulipa. Katika miezi ile, wenzangu walipopanda kushiriki nami nikabaki nimeinamisha kichwa, yule mama alikuwa akishashiriki anarudi kuketi bega kwa bega nami, benchi la nyuma kabisa, kila mara. Sikuwahi kuona kwamba Mungu amenitupa. Ningeonaje, na mtumishi wake yuko hapa ubavuni?

Nabii Nathani naye alimkabili mfalme Daudi ana kwa ana kwa kumtwaa mke wa Uria. Daudi alipokiri, kinywa kile kile kilichomshtaki ndicho kilichomwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Matokeo machungu yalibaki, lakini Nathani hakumwacha: 1 Wafalme 1 inamwonyesha akihangaikia kiti cha enzi cha mwana wa Daudi, mfalme akiwa mzee hoi kitandani. Kama hauko tayari kubaki na mtu baada ya kumkanya, nakusihi, usiende.

Jambo moja linaniuma sana. Tunaingia wodini, tunamkuta mama amefiwa na mtoto, tunamwambia, "Mungu anakurudi, tafuta dhambi yako." Nani ametutuma? Walipomuuliza Bwana Yesu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, nani alitenda dhambi, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila neno, wakaona jinsi maumivu yake yalivyo makubwa. Hapo walikuwa rafiki kweli. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia kosa, mwishowe Mungu aliwakasirikia wao, na Ayubu ndiye aliyeambiwa awaombee.

Mzee, nimeuona mkono wako. Karibu uulize.